Kitu kikidumu, jina la nini?

Siku hizi kila kampuni inajiita ya kijani. Viatu vya kijani, fulana za kijani, hata chupa ya plastiki imechorewa jani. Neno "endelevu" limetumika hadi limepauka kama jezi ya kuazimana. Ndiyo maana leo nataka tuangalie Ufini, nchi ambayo watu wa dizaini huitaja jinsi wanariadha wanavyoitaja Iten. Lakini sitauliza vitu vyao ni vya kijani kiasi gani. Nauliza hivi: waliovibuni walikuwa wanatafuta nini?

Tuanze na sahani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ufini ilikuwa hoi. Zaidi ya watu 400,000 walikuwa wamepoteza makwao upande wa Karelia, na hadi 1952 nchi ilikuwa bado inalipa Muungano wa Kisovieti fidia ya vita. Watu walibanana kwenye nyumba ndogo. Mbunifu Kaj Franck, aliyefanya kazi katika kiwanda cha vyombo cha Arabia jijini Helsinki, aliona kwamba seti kubwa ya vyombo vya wageni haina maana katika nyumba kama hiyo. Mwaka wa 1953 vyombo vyake vya Kilta viliingia sokoni: maumbo ya kawaida, rangi moja, hakuna maua. Vinapangika kimoja juu ya kingine na unanunua kimoja kimoja. Kikombe kikivunjika, nunua kikombe. Seti nzima ya nini?

Ukiangalia vizuri, huo ndio uendelevu, hata kama wakati huo hakuna aliyekuwa analitangaza neno hilo. Franck hakuanza na swali la kuokoa dunia. Alianza na mtu mwenye kabati dogo na mfuko mwepesi, na dunia ikafaidi humo humo.

Kisha akafanya jambo ambalo mabrandi ya leo hayawezi hata kuliota. Miaka ya 1950 wabunifu wa Ufini walikuwa mastaa. Walirudi na medali kutoka maonyesho ya Milan, na majina yao yakaanza kuuza vyombo. Miaka ya 1960 Franck akasema basi. Alitaka bidhaa za matumizi ya kila siku ziuzwe bila jina la aliyezibuni. Kikombe kinunuliwe kwa sababu kinafaa.

Vijana nao hawakukaa kimya. Mwaka wa 1968 wanafunzi wa dizaini kutoka nchi za Nordiki walikutana katika kisiwa cha Suomenlinna, karibu kabisa na Helsinki, wakamwalika Victor Papanek, mkali aliyekuwa akiwashambulia wabunifu wenzake kwa kutengeneza mapambo ya matajiri. Badala ya kuchora vazi la maua, walijenga kifaa cha watoto wenye ulemavu wa mtindio wa ubongo kuchezea na kufanyia mazoezi. Hao walikuwa wanafunzi tu, si wakurugenzi.

Sasa tusidanganyane, Ufini si mbinguni. Kiwanda cha Arabia cha Helsinki kiliacha kutengeneza vyombo 2016, kazi ikapelekwa nchi za mbali. Sahani za Franck bado zinauzwa, siku hizi zikiitwa Teema, na kinachosaidia kuziuza ni jina lile lile alilotaka lifutwe. Stuli ya miguu mitatu ambayo Alvar Aalto aliibuni 1933 inatengenezwa hadi leo, lakini bei yake itakufanya ukae chini bila stuli.

Hata hivyo, stuli hiyo ina somo. Artek, kampuni inayoitengeneza, hununua fanicha zake kuukuu na kuziuza tena, mikwaruzo yote ikiwemo. Na 2023, stuli ilipofikisha miaka 90, walitoa toleo lenye mbao zilizokuwa zikikataliwa: zenye vifundo, zenye alama za wadudu. Mti ni ule ule. Kilichobadilika ni macho ya anayechagua.

Kuna watakaosema jina si dhambi, na mbunifu naye anakula. Kweli kabisa. Jina linaweza pia kuonyesha nani wa kulaumiwa kitu kikiharibika. Lakini jina la kuwajibika ni moja, na jina la kupandishia bei ni lingine. Tazama Mifuko, kampuni ambayo wabunifu wawili wa Ufini waliianzisha 2009 wakaipa jina la Kiswahili. Vikapu vyake vinasukwa na akina mama wa mashambani hapa Kenya, na kila kikapu kinabeba jina la aliyekisuka. Hapo jina limekaa mahali pake.

Kwa hivyo wewe unayechora fulana usiku kwenye laptop, au unayeshona mikoba ya dengimu kuukuu pale Gikomba, usikimbilie neno "endelevu" kabla ya kujua unamtengenezea nani. Je, fundi wa mtaani ataweza kukishona kikiraruka? Je, mteja atakitaka miaka kumi ijayo, logo ikiwa imeshafutika? Huhitaji digrii kuuliza hivyo. Mimi mwenyewe chuo niliachia njiani. Kama jibu lako la kweli ni kwamba unataka jina lako lionekane tu, basi sema hivyo waziwazi. Usilifunike kwa jani la kijani.