Sunna ya usafi isigeuke jeraha

Juma hili tunazungumzia jambo ambalo familia nyingi huona haya kulitaja, ilhali dini yetu haikuona haya kulifundisha: kuondoa nywele za kwapa na za kinena.

Katika Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliyahesabu mambo haya mawili kuwa sehemu ya fitra, pamoja na tohara, kukata kucha na kupunguza masharubu. Naye Anas bin Malik (r.a.) amepokea, katika Muslim, kwamba yasiachwe zaidi ya siku 40.

Huku kwetu, kuanzia Kahama hadi Nyarugusu na Rwamgasa, siku 40 hupita upesi. Kijana wa machimboni hurudi kambini usiku, vumbi la karasha limemjaa mwilini. Maji ni ya dumu la kununua, na wembe ni mmoja, unapita mkono kwa mkono. Mama nyumbani naye hushika jivu, akanyonyoa kwapa mpaka ngozi ikavimba, kisha akanyamaza akidhani kwamba maumivu hayo ndiyo Sunna yenyewe.

Sivyo. Imamu Nawawi ametaja kisa cha Imamu Shafii, aliyekutwa akinyolewa kwapa na kinyozi. Alikiri kwamba anajua Sunna ni kunyonyoa, ila haustahimili uchungu wake. Basi mwenye ngozi nyepesi kudhurika na anyoe, au apunguze kwa mkasi. Makusudio ni usafi, si mateso.

Anayenyoa aanze kwa kuoga, vumbi na jasho vitoke. Nywele ndefu azipunguze kwanza kwa mkasi, kisha azilainishe kwa maji ya uvuguvugu na povu la sabuni isiyo kali. Wembe uwe mpya, upite taratibu kufuata upande nywele zinakolalia, bila kuukandamiza wala kuvuta ngozi. Nywele zetu zilizojikunja, zikikatwa chini mno, hurudi na kuichoma ngozi. Vipele vingi hutoka hapo. Kisha asuuze kwa maji baridi, ajikaushe kwa kugusagusa, na avae nguo ya pamba isiyobana. Ndimu, manukato na spiriti visitiwe hapo siku hiyo. Mwenye kutumia dawa ya kuondolea nywele aijaribu kwanza mahali padogo mkononi, angoje siku nzima, wala asiipake penye kidonda.

Vipele vikitoka, visitumbuliwe, na wembe upumzishwe mpaka ngozi ipone. Pakivimba sana, pakatoka usaha au homa ikaja, twende kituo cha afya bila kuona haya.

Tahadhari kubwa kuliko zote ni hii: wembe hauazimwi, hata baina ya ndugu, hata baina ya mke na mume. Damu kidogo tu isiyoonekana kwa macho yaweza kubeba virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini.

Basi mzazi anayemuaga mwanawe aendaye machimboni, pamoja na msala na dua, amfungie nyembe zake mwenyewe na kipande cha sabuni. Naye mama amfundishe bintiye mapema, kwa upole, kabla hajajifunza kwa kujiumiza.

Wallahu a'lam.