Juha Aliyenifunza Kusoma

Makomredi, mimi nilifunzwa kusoma na juha. Nyanya alibandika kurasa za Taifa Leo kwenye ukuta wa jikoni, nami nikingoja chai namsoma Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau. Mipango yake iliharibika kila siku, na kesho yake alirudi na mingine.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilibeba katuni hizo darasani. Mwalimu mmoja akaninong'oneza, eti niache mchezo nifundishe. Lakini kijana aliyekuwa kimya wiki zote aliinua mkono, akasoma, akacheka kabla ya wenzake.

Jamani, huwezi kuchekea usichokielewa. Huo si mchezo, ni ufahamu. Tukihitimu, tusimwache Juha nje ya darasa.