Mtuhumiwa Si Mhalifu

Panga likichomolewa Kisauni, magazeti huandika "genge la vijana", na lawama hufika hadi Mwakirunge. Tunawalilia waliojeruhiwa. Lakini Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 yasema mtuhumiwa hana hatia mpaka mahakama ithibitishe vinginevyo. Samaki mmoja akioza wameoza wote ni methali, si hukumu.

Hatuiombi serikali iwafunge wanahabari midomo. Uhuru wao, uliomo katika Ibara ya 34, ni tunda la harakati zilizofuta kifungu cha 2A mwaka 1991. Tunadai hili: aliyeanikwa ukurasa wa kwanza, mahakama ikimwachilia, itangazwe ukurasa huo huo. Makanisa yawaandikie wahariri. Kumshuhudia jirani uongo ni dhambi, hata kwa wino.