Jampa stata, vibanio na ushauri wa betri ya zamani

Leo naweka programu kando niseme kidogo juu ya betri. Kuna ushauri ninaousikia kila mara, kwa mafundi wa jua kali na hata kwa majirani waliosoma, nao unanikera. Unasema hivi: ukishajampu gari kwa jampa stata yako, usiibandue. Acha vibanio pale pale kwenye betri, injini ikinguruma, nayo ijichaji bure.

Haya. Ushauri huu haukuzuliwa hewani. Zamani jampa stata ilikuwa lile sanduku zito la kubebwa kwa mkono, na ndani yake betri ya risasi na asidi, yaani ndugu mdogo wa betri ya gari lenyewe. Altaneta hutoa kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi, na betri ya risasi ya volti 12 huchajiwa karibu na volti 14.4. Mambo yalikubaliana.

Lakini hizi ndogo za siku hizi, zinazoingia kwenye droo ya gari, ni za lithiamu. Nyingi zina seli tatu zilizounganishwa mfululizo, na kila seli haitakiwi kupita volti 4.2. Zidisha kwa tatu, unapata 12.6. Sasa chukua zile 14.4 za altaneta uzigawe kwa tatu: 4.8 kwa kila seli! Seli ya lithiamu ikisukumwa hivyo hupata joto, huvimba, na ikizidi huwaka moto. Na moto wenyewe si wa kuzimwa kwa kikombe cha maji.

Sisi waandishi wa programu tunalijua tatizo hili vizuri sana. Kitu kipya kabisa kimevikwa jina la kile cha zamani, na watu wanaendelea na desturi zile zile kwa sababu vibanio ni vile vile, chekundu na cheusi.

Najua kuna atakayesema, "Lakini ina saketi ya kinga." Ni kweli, waya nzuri zina kifaa kinachozuia umeme kurudi kwenye seli. Waya za bei ya chini huenda hazina, na kwa kuangalia nje huwezi kujua. Isitoshe, kinga huwekwa kwa ajili ya siku mambo yanapoharibika. Hakuna anayefunga breki kwa kugonga ukuta eti kwa sababu gari lina mifuko ya hewa.

Kwa hiyo gari likishawaka, bandua vibanio mara moja, ndani ya nusu dakika. Acha jampa stata ipoe kwanza, kisha uichaji kupitia tundu lake la kuchajia, hakuna njia nyingine.

Hapo kwenye tundu napo kuna mtego. Yale matundu ya mviringo yanafanana mno. Adapta ya tarakilishi ya mapajani ya volti 19 inaweza kuingia bila shida mahali palipotengenezewa volti 15, na ile ya ruta ya volti 12 huenda isijaze seli zinazohitaji 12.6. Soma maandishi kwenye adapta na kwenye jampa stata, kisha uifunge adapta yake kwa utepe wenye jina ili isichanganywe na zile nyingine kumi zilizo kwenye droo. Mimi ningenunua ile ya USB-C kuliko yenye tundu la mviringo, hata ikiwa bei imepanda kidogo, kwa kuwa adapta na kifaa huanza kwa volti 5 na havipandi hadi vikubaliane.

Jambo jingine ni joto. Lithiamu isichajiwe ikiwa imepita nyuzi 45, wala chini ya sufuri. Sufuri haitusumbui Nairobi, hata Julai. Lakini gari lililofungwa juani Mombasa hupita 45 kwa urahisi, basi ukiitoa humo iache kivulini kwanza. Ichajie juu ya sakafu ya saruji, ukiwa macho, mbali na godoro na mapazia. Ikiwa imevimba, usiichaji tena hata mara moja.

Na kwa wenye lile sanduku la zamani: hilo linataka kukaa limejaa. Ukiliacha tupu kwa miezi, risasi yake hujengeka chumvi na halishiki chaji tena. Lichajie mahali penye hewa, mbali na jiko, kwa sababu hutoa haidrojeni. Baadhi ya chaja zake hazijizimi zenyewe, kwa hiyo hesabu saa: betri ya Ah 18 iliyoisha, kwa chaja ya ampea 1, itakula saa ishirini na kitu. Hilo ndilo la kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani.