Bamba la Kusawazishia Njia na Pini Inayopaswa Kuvunjika

Yakobi, kama sehemu nyingine za nyanda za juu za Njombe, haina theluji. Baridi ya Juni na Julai huweza kuleta sakitu ikaunguza majani ya viazi, lakini haifungi njia. Kinachofunga njia huko ni tope. Mvua huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Magari ya mbao na ya viazi hupita juu ya udongo mwekundu uliolowa, magurudumu huchimba mifereji, maji hutuama humo, na kila gari linalofuata huzidisha kina chake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita Makambako. Lakini gunia la viazi haliwezi kupakiwa kwenye behewa iwapo limekwama shambani. Majani mabichi ya chai nayo hayasubiri: yakichumwa leo hayana budi kufika kiwandani leo.

Katika nchi za baridi, kama vile Ufini, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, wakulima wengi wana tatizo linalofanana na hilo. Wao huzibiwa njia na theluji. Baadhi yao hawangoji mtambo wa serikali. Huchukua bamba la chuma, wakalikunja kidogo, wakalifunga mbele ya trekta kwenye mikono ya kunyanyulia mizigo, kisha wakasukuma theluji pembeni. Hapana sababu ya fundi wa Njombe kushindwa kutengeneza chombo cha namna hiyo kwa ajili ya kusawazisha njia za udongo. Vyuma chakavu vipo, mashine za kuchomelea zipo, na mikono yenye ustadi ipo.

Hata hivyo, kuweza kukitengeneza si sawa na kukitengeneza vizuri. Chombo kilichoundwa nyumbani kinastahili kuitwa kazi ya kisayansi pale tu ambapo mwundaji wake ameamua mapema, kwa hesabu, mahali kitakapovunjika. Kauli hiyo huenda ikawashangaza mafundi ambao fahari yao ni kuunda vitu visivyovunjika. Yafaa basi ielezwe.

Chukua trekta lenye bamba, ambalo tungamo lake kwa jumla ni kilo 3,500, likienda kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, yaani kama kilomita 7 kwa saa. Nishati ya mwendo wake ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendokasi, yaani jouli 7,000. Sasa bamba likikutana na kisiki kilichofichwa na tope, trekta likasimama katika umbali wa sentimita 10, wastani wa kani itakayopita katika fremu ni jouli 7,000 kugawanya kwa mita 0.1, yaani niutoni 70,000. Kani hiyo ni mara mbili ya uzito wa trekta lenyewe. Na dereva akiongeza mwendo mara mbili, nishati haiongezeki mara mbili bali mara nne.

Kani hiyo lazima ipate pa kutokea. Ikiwa fundi hakuchagua mahali, chuma kitajichagulia chenyewe: pengine mkono wa kunyanyulia utapinda, pengine nyumba ya ekseli ya mbele itapasuka, au dereva atarushwa kwenye usukani. Kurudisha trekta katika hali yake kwaweza kugharimu kuliko mavuno ya msimu mzima.

Dawa yake ni pini dhaifu. Bamba hufungwa kwa bawaba upande wa juu, na upande wa chini hushikwa na pini moja ya chuma laini. Chuma cha namna hiyo huweza kustahimili, kabla ya kukatwa, takriban niutoni 300 kwa kila milimita ya mraba. Pini yenye kipenyo cha milimita 10 ina eneo la milimita za mraba 78.5, kwa hiyo itakatika inapopata kani ya niutoni 23,500 hivi. Katika kazi ya kila siku, magurudumu juu ya udongo wenye unyevu hayawezi kusukuma kwa kani inayozidi sana nusu ya uzito wa trekta, yaani niutoni 17,500. Basi, iwapo kani ya bamba inaifikia pini bila kuongezwa na wenzo, pini itavumilia kazi ya kawaida na itakatika kabla ya fremu kupinda. Bamba litalala nyuma, mnyororo utalizuia lisiingie chini ya magurudumu, na dereva atatia pini nyingine.

Ni hapo ambapo kosa la kawaida hutokea. Pini ikikatika mara mbili kwa siku, mtu huona kero, akatia bolti ya chuma kigumu. Bolti hiyo huweza kustahimili zaidi ya mara mbili ya kani ile. Kwa macho, hakuna kilichobadilika. Kwa kweli, ulinzi wote umeondolewa. Pini inayokatika mara kwa mara inamwambia dereva kwamba anakwenda kasi mno au anakata kina kirefu mno. Asikilize, asiinyamazishe.

Jambo la pili lihusulo hesabu ni mahali pa kulifunga bamba. Tuseme umbali kati ya ekseli mbili za trekta ni mita 2, na bamba liko mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Magurudumu ya mbele yakipanda tuta la sentimita 10, bamba litapanda sentimita 17.5, yakitumbukia shimoni, litazama kwa kiasi hicho hicho. Njia iliyosawazishwa hivyo hubaki na mawimbi. Bamba la greda huwekwa katikati ya ekseli, na hapo tuta lile lile hulinyanyua kwa takriban sentimita 5 tu. Kwa hiyo bamba la mbele lafaa kusukuma tope na marundo. Kwa kumalizia, lafaa zaidi bamba la kukokotwa nyuma.

Wala kukokota hakuhitaji chuma kingi. Huko Missouri, Marekani, katika miaka ya 1890, mkulima D. Ward King alipasua gogo, akaunganisha vipande viwili, akavikokota kwa farasi juu ya njia ya udongo baada ya mvua. Udongo uliokuwa na unyevu ulisambazwa kuelekea katikati, njia ikapata mgongo, na maji yakatiririka pembeni. Mgongo huo ndio siri ya njia ya udongo. Kwa njia yenye upana wa mita 5 na mteremko wa asilimia 5 kila upande, katikati huwa juu kuliko kingo kwa sentimita 12.5.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya barabara ni ya serikali. Ni kweli kwamba barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, na si halali mtu kuzichimba bila idhini. Lakini njia za mashambani na za shuleni zina wenyewe, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Wapo pia watakaosema kwamba fundi mzoefu hana haja ya hesabu. Uzoefu wa fundi ni hazina, ila hufika baada ya vitu kuvunjika. Hesabu hufika kabla.

Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi ziliielewa kuwa ni jembe na shamba. Sehemu yake nyingine, yaani kufikiri juu ya kazi inayofanywa, ilisahauliwa mara nyingi. Mwalimu wa fizikia wa Njombe hahitaji trekta ili kuanza. Na atengeneze bamba dogo la ubao, alishike kwa vijiti vya unene mbalimbali, atundike ndoo ya mchanga, na wanafunzi wapime ni uzito gani unaokata kila kijiti. Waandike, wachore grafu, kisha waende kwa fundi mchomeleaji na daftari lao mkononi. Fundi atawafundisha mengi ambayo hayamo vitabuni. Nao watamwonyesha, kwa tarakimu, pini yake iwe nene kiasi gani.