Matelo aliyenikatalia



Kila jioni ninapowahesabu katika chumba cha kulala, wengine wananung'unika: «Anatuhesabu sawa mbuzi!» Leo nataka kuwajibu, na jibu langu linatoka ziwani.

Sisi wa Miti tuko na barabara. Ndugu zetu wa Idjwi wako kisiwani, na daraja hawana. Kila kitu kinapita katika mashua: chumvi, sabuni, mafuta, dawa. Wakati wa kurudi ni mananasi, kahawa na sambaza. Hata barua zinapita mule: unampa matelo bahasha yenye jina na nambari ya simu, naye anaifikisha. Matelo anabeba magunia, anamwaga maji yanayoingia, anatafuta wenye mizigo. Watu wanamwona kuwa mtu wa mgongo tu. Lakini mimi nasema kazi yake kubwa iko katika kinywa: kusema «Imejaa.»

Likizo moja nilichelewa kufika bandarini Idjwi. Matelo alinikatalia. Niliomba, nikaongeza pesa, kisha nikamtukana mbele ya watu: mtu mmoja tu, kilo makumi tano, atazamisha nini? Hakujibu. Alifungua kamba, wakaenda. Nililala kwa shangazi, na shuleni nikapata azabu ya kuchelewa. Nilimchukia sana.

Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi ilitoka Minova imejaa kupita kipimo, juu vita ilikuwa imekata barabara ya Goma. Ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiiangalia. Wengi walikufa, na hesabu za waliokuwa ndani hazikupatana. Siwalaumu waliopanda, walikuwa wanatafuta njia. Lakini nilijiuliza: wangapi walipanda wakisema kama mimi, «mtu mmoja tu»?

Mtasema matelo wengi wanapenda pesa. Ni kweli. Lakini anayekataa anapoteza nauli na anapata matusi juu yake. Tukimtukana mwema, kesho atanyamaza kama wengine.

Basi, mnaopita ziwani wakati wa likizo, ombeni jile ya kuelea, toeni majina yaandikwe, na mukiambiwa imejaa, shukeni. Ziwa Kivu lina kina kinachopita metre 400, halina mchezo.

Nikimkuta yule matelo nitamwomba musamaha. Na jioni ya leo nitawahesabu tena, mmoja mmoja.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la sita