Ndiyo au Hapana, Mama?

Akina mama wenzetu wa Uru, mnakumbuka tulivyoambiwa tujiandae kwa kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, tarehe 30 Aprili 2015? Wengine hatukukiona kitabu chenyewe. Wengine tulikipata, tukakiweka juu ya kabati tukingoja baba aturudi na maoni ya kilabuni. (Mbege nayo ina wanasheria wake!)

Humo ndani mwanamke alipewa haki ya kupata na kumiliki ardhi kwa masharti sawa na mwanamume. Kwetu sisi tunaobeba samadi kihambani miaka yote, huku tukijua kihamba ni cha wavulana, hilo si jambo dogo. Lakini kitabu hicho hicho kiliziacha serikali tatu za Tume ya Jaji Warioba, na kilikuwa cha kujibiwa kizima, Ndiyo au Hapana. Hakichambuliki kama mchele. Jukwaa la Wakristo lilituambia Hapana. Kardinali Pengo akasema kila mtu aachiwe aamue mwenyewe.

Kura iliahirishwa na haijapigwa hadi leo. Basi tusingoje tarehe nyingine. Jioni, maharage yakiwa motoni, binti wa sekondari atusomee ibara za ardhi kwa sauti. Tuulize: mjane atabaki na nini? Binti aliyeachika akirudi nyumbani, atalima wapi? Na tukikubali hili, tunakubali na lipi tusilolipenda? Baba tumsikilize, na padre pia. Kwenye kituturi tutaingia mmoja mmoja.